Mchimba Visima na Ushahidi Nilioukalia

Barua iliyoniletea habari za msiba ilikuwa na mistari mitatu tu. Iliandikwa na mdogo wake marehemu, mkulima wa Unyambwa, kando ya mji wa Singida, naye si mtu wa maneno mengi. Alisema kaka yake amefariki kwa ugonjwa wa kifua, kwamba wamekwisha kumzika, na kwamba kabla ya kukata roho aliagiza nipewe habari. Wasomaji wangu mnajua kuwa sipendi kuugeuza ukurasa huu kuwa mahali pa kulilia watu wangu mwenyewe. Leo naomba mniwie radhi. Mstari ule wa mwisho, kwamba aliagiza nipewe habari, nimeusoma mara nyingi kuliko ile miwili ya kwanza, kwa sababu mtu huyu alikuwa na haki ya kutonitaja kabisa.

Alikuwa mchimba visima. Alianza kazi akiwa kijana wa kubeba maji ya kupoza mashine katika kampuni moja iliyopewa kazi ya kutafuta maji Jimbo la Kati, akaendelea nayo mpaka kifua kilipomkataza. Mtambo waliokuwa nao ulikuwa wa kugonga: patasi nzito ya chuma imefungwa kwenye kamba ya waya, inanyanyuliwa na kuangushwa, inanyanyuliwa na kuangushwa, kutwa nzima, mpaka mwamba usagike uwe tope, na tope litolewe kwa ndoo ndefu nyembamba. Aliyewahi kuiona Singida anajua mawe yake, yale makubwa yaliyokaa juu ya ardhi kama ng'ombe waliolala. Aliyewahi kuchimba kule anajua kwamba yaliyo chini ni mengi zaidi. Marehemu alikuwa na kipaji ambacho hakikufundishwa na mtu yeyote. Alikuwa akiuweka mkono wa kushoto juu ya waya wakati patasi inafanya kazi, akatulia hivyo kwa muda, kisha akasema jiwe lililoko chini ni la namna gani, kama ni gumu tupu au lina ufa, na kama ufa huo una maji.

Mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo ilikuwa Kintinku. Mimi nilikuwa karani wa Boma, nimetumwa kuandika orodha ya wenye mifugo watakaokitumia kisima. Walikuwa wamechimba siku nyingi bila kitu. Msimamizi, kijana wa Kizungu aliyetoka kwao mwaka uleule, alitazama tope lililotoka, akatikisa kichwa na kusema, "Hapana maji. Funga mtambo." Wagogo waliokuwa wamekaa wakitazama walianza kuondoka. Bibi mmoja aliyekuja na punda wake alimwambia marehemu, "Ninyi Wanyaturu mnachimba kama nguchiro. Shimo refu, halafu mnalikimbia." Watu wakacheka, naye akacheka nao. Kisha alimwendea msimamizi, akavua kofia, akamwambia, "Bwana, breki ya mtambo imelegea. Tukiusafirisha hivi utatuangukia njiani. Nipe siku ya leo niitengeneze." Msimamizi akakubali, akaenda zake hemani.

Breki haikuwa na ubovu wowote. Alipoachwa peke yake na vibarua aliwasha mtambo, akaweka mkono juu ya waya, na patasi ikaendelea kugonga. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia msimamizi waziwazi kwamba yuko karibu na maji. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hali ugali kwa mguu. "Nimwambie kuwa najua kumshinda yeye? Mbele ya watu?" Alasiri ndoo ilipotolewa ilikuwa na maji badala ya tope. Alimfuata msimamizi hemani na kumwambia, "Bwana, umepata maji." Katika daftari la kisima, mahali pa jina la mchimbaji, liliandikwa jina la msimamizi. Bibi mwenye punda alikuwa wa kwanza kunywa. Aliyanywa, akatema kidogo, akasema yana chumvi, kisha akajaza vibuyu vyake vyote.

Nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake anaonekana jinsi marehemu alivyokuwa. Hakuwa mwoga. Nimemwona akiteremshwa kwa kamba katika shimo la kuchimba kwa mkono lililokuwa likimomonyoka, ili amtoe kibarua aliyezimia. Lakini kusema kwa mdomo wake kwamba yeye anaweza jambo fulani, au kwamba yeye anastahili jambo fulani, hilo hakuliweza, na hakuliona kuwa ni jambo la mtu mwenye adabu. Katika ukoo wake, na katika koo nyingi za kwetu, mwenye shauri hasimami kulisema mwenyewe. Humtafuta msemaji, humweleza yote, kisha siku ya baraza hukaa kimya karibu naye. Kijana anayeposa husemewa. Aliyedhulumiwa shamba husemewa. Anayejisemea mwenyewe huonekana kama mtu asiye na ndugu, au mtu ambaye ndugu zake wamemchoka.

Basi miaka ikapita, wasimamizi wakaja na kwenda. Kila mmoja alifika hajui jiwe la Singida, akafundishwa na marehemu, akapandishwa cheo, akahamishiwa mahali penye baridi. Cheo cha marehemu kilibaki msaidizi. Kulikuwa na msimamizi wa Kizungu, kulikuwa na fundi wa mashine wa Kihindi, na chini yao kulikuwa na wasaidizi, nao walikuwa Waafrika. Hakuna aliyeuliza mpangilio huo ulitoka wapi. Ulikuwa kama ngazi ambayo kila mtu ameikuta imekwisha kuegemezwa ukutani. Nyumba zilifuata ngazi, likizo zilifuata ngazi, hata dawa hospitalini zilifuata ngazi. Yeye alikuwa na tamaa moja tu, nami niliijua: akabidhiwe mtambo mmoja, mmoja tu, awe fundi mkuu wake, na daftari la kisima liandikwe jina la aliyekichimba.

Ndipo tukasikia kwamba Baraza la Kutunga Sheria limeunda kamati ya kuchunguza tofauti za rangi katika ajira, na kwamba kamati itapita majimboni kusikiliza watu. Singida ilipewa siku moja. Matangazo yalibandikwa Boma, sokoni na kwenye maduka. Kampuni iliambiwa ipeleke mashahidi, ikamtaja marehemu kwa kuwa alikuwa wa muda mrefu kuliko wote. Mimi niliteuliwa kuwa mwandishi wa siku hiyo, kazi yangu kuandika majibu ya mashahidi wa Kiafrika katika fomu zilizoletwa kutoka Dar es Salaam.

Siku moja kabla ya kikao, baada ya adhuhuri, marehemu alifika nyumbani kwangu akiwa na mkewe na mdogo wake yule aliyeniandikia barua. Walileta kuku, jogoo mwekundu mwenye hasira. Nilimwamkia shikamoo kwa kuwa alinizidi umri, akaitikia, tukakaa. Kwa saa nzima tulizungumza mvua, uwele, na ndama wake aliyeliwa na fisi. Ugali na mlenda vilipowekwa chini, na yule jogoo yumo chunguni, ndipo mdogo wake alipokohoa na kusema, "Karani, kaka yetu ana shauri lake kesho. Sisi wawili hatujui Kizungu wala hatujui mambo ya Boma. Tumekaa nyumbani, tukaona msemaji wake uwe wewe." Marehemu alikuwa akitazama ukuta.

Nilitaka kucheka kidogo. "Kaka," nikamwambia, "kesho wataita jina lako, utasimama, wataniuliza mimi nini? Mimi naandika tu."

Mkewe ndiye aliyejibu. "Shemeji, kuandika si kusema? Mdomo unao. Au umeuacha ofisini?"

Tukacheka sote. Kisha marehemu, bado akitazama ukuta, aliniambia mambo yake kwa utaratibu, moja baada ya jingine, kwa Kinyaturu, kama anayempa mtu vyombo avihesabu. Nilisikiliza. Alipomaliza nilisema, "Nimeyapokea, kaka. Nitasema." Sikusema hivyo ili kumpendeza. Nilikusudia. Nilijua kwamba mwandishi hana ruhusa ya kutoa ushahidi, lakini niliwaza kwamba nitapata nafasi, nitainua mkono, nitamwomba mwenyekiti aniruhusu kueleza jambo moja. Tulikula jogoo wao, na aliyegawa nyama aliniwekea mimi firigisi.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa baraza wa Boma. Walikaa wajumbe watano nyuma ya meza ndefu: Wazungu watatu, Mhindi mmoja na Mwafrika mmoja. Mashahidi wa Kizungu walipewa viti, wa Kihindi benchi, na Waafrika walisimama nje ukutani wakisubiri kuitwa. Kamati ya kuchunguza tofauti za rangi ilikaa hivyo tangu asubuhi bila mtu kuona ajabu, mpaka saa nne hivi mwenyekiti alipoinua kichwa, akatazama, akawa mwekundu usoni, akaamuru viti viletwe kwa wote. Alikuwa mtu mwema, sitaki kumsingizia. Alisikiliza kwa makini na kila shahidi alimshukuru.

Mwalimu mmoja wa Ulemo aliitwa kwanza katika Waafrika. Alizungumza vizuri sana. Alieleza kwamba ana cheti kilekile alicho nacho mwenzake wa rangi nyingine, na kwamba mwenzake ana nyumba ya bati naye ana chumba kinachovuja. Alijitaja yeye mwenyewe mara nyingi: mimi nimesoma, mimi nimefundisha, mimi nastahili. Wajumbe waliandika bila kupumzika. Nyuma yangu, dirishani, nilimsikia mzee mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Maskini. Huyu hana hata ndugu wa kumsemea?" Mwenzake akajibu, "Amesoma mno, ndugu zake wanamwogopa."

Kisha wakaita jina la marehemu. Aliingia amevaa koti aliloazima, akaketi, akanitafuta kwa macho, akaniona, akatulia. Mwenyekiti alimuuliza kazi yake na muda wake kazini. Akajibu. Akamuuliza, "Una malalamiko gani kuhusu kazi yako?" Mkalimani, mtu wa pwani aliyekuja na kamati, akatafsiri. Marehemu akasema taratibu, "Mimi sina la kusema, Bwana Mkubwa," kisha akanigeukia. Hakugeuka kwa wizi. Aligeuka mwili mzima, kama mtu anavyomfungulia mgeni mlango.

Mkalimani alitafsiri maneno, na mgeuko ule hakuutafsiri. Mwenyekiti alimuuliza mara ya pili, kwa upole: hana lolote analotaka libadilike? Marehemu alibaki amenielekea mimi. Msimamizi wa kampuni alikuwa ameketi safu ya mbele. Karibu naye alikuwa Bwana Shauri wangu, mkubwa wangu wa Boma, ambaye juma lile lile alikuwa ameniambia kwamba jina langu limepelekwa kwa ajili ya masomo ya ukarani Dar es Salaam, na kwamba nafasi ni moja. Sikutishwa na mtu. Hakuna aliyenikazia jicho. Nilikuwa na kalamu mkononi na karatasi mbele yangu, na nilichopaswa kufanya ni kuinua mkono mmoja. Nilihesabu moyoni yatakayonipata, nikayaona mengi, na nilipomaliza kuhesabu mwenyekiti alikuwa amekwisha sema, "Asante, anaweza kwenda." Nikainamisha kichwa, na katika fomu, kwa hati yangu nzuri iliyosifiwa na walimu, nikaandika: Shahidi hana malalamiko.

Nje nilimkuta amesimama kwenye upepo, ameshika koti lisipeperuke. Alinisaidia kwa kuanza yeye. "Kalamu yako leo ilikuwa inakwenda upesi," akasema. Nikamwambia kwamba utaratibu wa kikao haukuniruhusu. Akaitikia, "Ndiyo, Boma lina utaratibu wake." Akaniuliza kama nimekula. Mkewe hakuwa na uvumilivu huo. Aliniambia mbele ya watu, "Shemeji, ulimla jogoo, ukayameza na maneno yaliyokuja naye." Marehemu akamshika mkono wakaondoka. Tangu siku hiyo hakulitaja jambo lile, kwa wema wala kwa ubaya, na kila tulipoonana aliniuliza habari za watoto wangu kwa majina yao.

Taarifa ya kamati ilipotoka niliisoma yote. Ni taarifa ya maana, na baadhi ya mabadiliko tunayoyaona sasa katika ajira yamepata nguvu kutokana na kazi kama hiyo. Maneno ya mwalimu wa Ulemo yalimo, hata chumba kinachovuja kimo. Kuhusu wachimba visima kuna sentensi moja: kwamba shahidi wa muda mrefu alihojiwa na hakuonyesha kutoridhika. Kampuni iliitumia sentensi hiyo ilipoulizwa kwa nini haina fundi mkuu Mwafrika. Ikaleta msimamizi mwingine, kijana tena, na marehemu akamfundisha jiwe la Singida kama alivyowafundisha waliotangulia. Nafasi ya masomo ilikuja kwangu. Ndiyo iliyonileta mjini hapa, na ndiyo, ukifuata hatua zake moja moja, iliyonipa ukurasa huu.

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Rafiki yangu alikuwepo, na lake halikuwepo. Nimelifikiri jambo hili kwa miaka, na siwezi kuitupia lawama kamati pekee, ingawa sehemu yake inayo. Walikuja kutafuta usawa wakiwa wamebeba namna moja tu ya kusema, ya mtu kusimama peke yake na kujitaja, wakadhani ni namna ya wanadamu wote. Mwenye namna hiyo alisikika. Asiyekuwa nayo aliandikwa kuwa ameridhika. Nchi hii ina watu wengi wa namna ya marehemu: mashambani, kwenye reli, jikoni, katika wodi za hospitali. Ngazi ile ya mishahara na nyumba itaondolewa siku moja, na watakaoiondoa watastahili sifa. Lakini kama watakaokaa kwenye meza ndefu baada yake wataendelea kuwasikia waliozoea kujisemea tu, wataandika tena taarifa nzuri zenye sentensi kama ile. Na sisi tuliopewa kusoma na kuandika tuna hatari yetu wenyewe. Tunafikiri kwamba kazi yetu inaishia kwenye kuandika lililosemwa. Mimi niliandika lililosemwa, neno kwa neno, nikamdhulumu mtu.

Kwa hiyo leo naweka hapa, mbele yenu, ushahidi niliokabidhiwa chini ya dari la nyumba yangu, kwa mpangilio alionipa mwenyewe. Kwamba shahidi alijifunza kazi ya visima kwa miaka mingi kuliko wote waliowekwa juu yake. Kwamba wote hao yeye ndiye aliyewafundisha, na hawakukana. Kwamba anaomba apewe mtambo mmoja kwa msimu mmoja, na asipopata maji aondolewe bila kuoneana haya. Kwamba akipata, jina lake liandikwe kwenye daftari, si kwa ajili ya sifa, bali ili maji yakiharibika watu wajue wa kumwita. Na kwamba hana chuki na mtu yeyote. Huo ndio ushahidi wote, nao haukuzidi muda wa kujaza ndoo.

Najua hauwezi kumfaa tena. Mdogo wake ataisoma safu hii, na shemeji yangu ataisikia, na sitarajii kwamba mmoja wao ataniandikia. Lakini nasikia kwamba kamati nyingine zinakuja, na kwamba makarani vijana wanaandaliwa kuziandikia. Kwao nina neno moja. Shahidi akiwaambia kuwa hana la kusema, msiharakishe kuandika. Muulizeni kwanza amemkabidhi nani maneno yake, kisha mtazameni huyo machoni mpaka aseme.